Noti ya 200 yenye kivuli cha KICC kwa nyuma: kosa la mtambo, au ni maisha tu ya noti?

#1 Wakala wa Kibuye

Hamjambo nyote. Nina kibanda cha M-Pesa karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na mazoea ambayo mke wangu ameyapa jina la ugonjwa: kila jioni, kabla ya kufunga hesabu, nazipitia noti za siku moja moja, natoa zilizo na jambo la ajabu, kisha natia sandukuni thamani ile ile kutoka mfukoni mwangu ili floti, yaani pesa ya kazi, isipungue. Nimewahi kupata noti iliyokatwa mshazari ukingoni, noti yenye nambari inayosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia, na noti ya hamsini ambayo mtu ameandika juu yake hesabu nzima ya mahari kwa kalamu ya wino. Hiyo ya mwisho sikuihifadhi kwa ajili ya thamani. Nilitaka tu kujua kama ng'ombe walifika.

Jumanne iliyopita nilipokea noti ya shilingi 200 ya toleo la 2019. Kwa mbele haina kasoro: nambari zimekaa sawa, kichwa cha simba kinaonekana ukiiinua kwenye mwanga, na maandishi yanakwaruza kidole. Ukiigeuza, juu ya michoro ya huduma za jamii pana kivuli hafifu cha jengo la KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, kimegeuka kama kitu kinachoonekana kwenye kioo, na mahali kilipo panalingana kabisa na KICC ya mbele. Nimejaribu kuipiga picha kwa simu lakini kivuli hakitokei, kwa hiyo itabidi mniamini.

Dai langu ni kwamba kosa hili lilitokea kiwandani, si mitaani. Anayeona vinginevyo anisahihishe.

#2 Njoro_Mkulima

Ndugu Wakala, kabla ya kulisifu kosa la mtambo, hakikisha kwanza kwamba mtambo wenyewe haukuwa chumbani kwa mtu. Tangu noti hizi zizinduliwe Narok tarehe 1 Juni 2019 tumekuwa tukifundishwa kuzikagua, lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tunagusa mara moja na kupokea. Inamisha noti yako upande wa nyuma uone kama mkanda wa rangi ya dhahabu unajitokeza, kisha uiinue uone kama uzi wa usalama, ambao juu ya meza huonekana umekatikakatika, unakuwa mstari mmoja usiokatika. Ukikosa kimojawapo, huna kosa la kiwandani. Una hasara ya shilingi mia mbili.

#3 Wakala wa Kibuye

@Njoro_Mkulima, nilifanya hayo yote kabla ya kuandika. Mkanda upo, uzi upo. Kazi yangu ni kupokea noti za watu tangu asubuhi hadi jioni. Ningekuwa sijui kuzikagua ningekuwa nimerudi kulima zamani, labda jirani na wewe.

#4 Fundi wa Chapa (Nakuru)

Nimefanya kazi ya uchapaji kwa miaka kumi na tisa. Tunachapa kalenda, vitabu vya risiti na kadi za harusi, si noti, lakini wino ni wino, na kivuli cha namna hiyo nimekiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Katika uchapaji wa ofseti, picha haitoki kwenye bamba na kwenda moja kwa moja kwenye karatasi. Hutoka kwenye bamba, ikapokelewa na mpira uliozungushiwa silinda, na mpira ndio unaoipa karatasi. Sasa karatasi moja ikikosa kuingia, mpira hauna habari. Unaendelea kuzunguka na wino wake unaangukia kile kilicho upande wa pili. Karatasi inayofuata inapopita hapo katikati, mbele inapata picha yake halali, na nyuma inapata ule wino uliokosa mwenyewe, picha ikiwa imegeuka na ikiwa mahali palepale pa ile ya mbele. Karatasi ya kwanza hupata kivuli kizito, ya pili hafifu, ya tatu hafifu zaidi, mpaka wino ule uishe. Kwenye mitambo ya noti, rangi za usuli za pande zote mbili huchapwa kwa pigo moja, mpira ukitazamana na mpira, kwa hiyo jambo hili linawezekana kabisa.

Hata hivyo, zile sehemu zinazokwaruza kidole hazichapwi hivyo. Hizo hutoka kwenye bamba lililochongwa, kwa wino mzito na shinikizo kubwa, na wino huo huchelewa kukauka. Karatasi zikirundikwa kabla ya wakati, mgongo wa karatasi ya juu hubeba alama ya uso wa karatasi ya chini. Hapo pia picha hugeuka. Kwa hiyo kiwandani pekee nina maelezo mawili, na sijui nimpe Wakala lipi. Maneno yake mawili, "kimegeuka" na "panalingana", ndiyo yanayonifanya niamini kwamba hakuna haja ya kutoka nje ya kiwanda kutafuta la tatu.

#5 Mama Omena

Nawasalimu kutoka Kondele. Fundi ameeleza vizuri, lakini amesema hakuna haja ya kutoka nje ya kiwanda, na mimi nipo nje ya kiwanda.

Nauza omena na samaki wa kukaanga. Karatasi ninayofungia samaki, baada ya dakika tano, unaweza kusoma kupitia kwake maandishi ya gazeti lililo chini yake. Mafuta huingia ndani ya karatasi na kuifanya ionyeshe kilicho upande wa pili. Sasa mniambie: noti iliyokaa kwenye aproni yangu tangu asubuhi, mikono yangu ikitoka kwenye karai na kuingia mfukoni, haiwezi kuonyesha KICC kwa nyuma? Na KICC hiyo ikionekana kwa nyuma itakuwa imegeuka, na italingana na ya mbele, kwa sababu ni ile ile ya mbele. Maneno mawili ya Wakala yanautosha ushahidi wangu pia.

Ainuse.

#6 Wakala wa Kibuye

Nimeinusa. Inanuka samaki. Kwa bahati mbaya nimenusa nyingine kumi na mbili zilizokuwa sandukuni na zote zinanuka samaki. Hapa ni Kibuye.

#7 Mzee wa Bondeni

Vijana, mnahangaika na noti za juzi. Mimi nilianza kuweka noti kando nikiwa kijana hapa Nakuru, wakati ishirini ya karatasi ilikuwa pesa ya kuheshimika, na ninazo za tano, za kumi na za ishirini ambazo watoto wenu hawajawahi kuziona kama karatasi. Ninayo hata moja iliyotolewa mwaka wa uhuru, 1963, yenye picha ya Mzee Kenyatta. Hizo ndizo noti za ajabu. Kivuli ni kivuli tu.

#8 Busia_Mpakani

Shikamoo, Mzee wa Bondeni. Kwa heshima zote, hapo kwenye mwaka pana jambo. Noti za kwanza za Kenya zilitoka tarehe 14 Septemba 1966, baada ya Benki Kuu kuundwa mwaka uo huo. Mwaka 1963 tulikuwa bado tunatumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, pamoja na Uganda na Tanganyika, na uso uliokuwa kwenye noti ulikuwa wa Malkia Elizabeth. Kati ya malkia na Mzee ikaja noti ya 1964 isiyo na uso wa mtu yeyote, ina jahazi tu likiwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo noti yako ya Kenyatta, kama ni ya zamani jinsi unavyosema, ni ya 1966 au baada ya hapo. Angalia tarehe iliyochapwa juu yake.

#9 Mzee wa Bondeni

Marahaba. Nimeitoa kwenye bahasha na kuvaa miwani. Imeandikwa 1968. Wewe umesahihisha mwaka, na mimi nasahihisha kiburi. Lakini ilitoka mkononi mwa kondakta wa basi kama chenji, na hilo hamtanibadilishia.

#10 Mvuvi wa Dunga

Hiyo noti ya jahazi ni yetu sisi watu wa Kisumu, na naomba ieleweke hivyo katika uzi huu. Tanga lile ni la ghuba yetu.

#11 Busia_Mpakani

@Mvuvi wa Dunga, ziwa ni moja na nchi zake ni tatu, na noti ile ilitumika katika nchi zote. Mwanza na Entebbe nao watakuja kudai tanga lao.

#12 Mwalimu wa Kakamega

Naomba turudi kwenye noti ya Wakala, kwa sababu kuna kipimo ambacho hakuna aliyekitaja, nacho ni nambari.

Nambari huchapwa mwishoni, baada ya rangi za usuli na baada ya ule uchapaji wa kukwaruza. Kwa hiyo tukijiuliza kama nambari nayo imo ndani ya kivuli, tunapata njia panda. Kama kivuli kina KICC peke yake na nambari haimo, basi kilitokea kabla ya kupigwa nambari, yaani kiwandani, na Fundi ameshinda. Kama nambari imo, kilitokea baadaye, na hapo tuangalie ni nambari ya nani. Ikiwa ni ya noti ile ile, ikisomeka kinyume, basi ni uso wake wenyewe unaoonekana kupitia karatasi, na Mama Omena ameshinda. Ikiwa ni nambari ya noti nyingine, basi noti mbili ziligusana zikiwa na wino mbichi au zikiwa zimelowa.

Wakala, tafuta lenzi. Fundi wa saa hawezi kukunyima.

#13 Kijana wa Milimani

Mnasahau jambo la kawaida kuliko yote: suruali. Noti inabaki mfukoni, suruali inaingia kwenye beseni lenye sabuni ya unga, inasuguliwa, inaanikwa, kisha noti inagunduliwa na kupigwa pasi ili inyooke. Mimi nimepiga pasi noti zaidi ya mara moja na sioni haya kusema.

#14 Fundi wa Chapa (Nakuru)

@Kijana wa Milimani, noti mfukoni hukunjwa, na iliyokunjwa huguswa na nafsi yake: nusu ya kushoto inaigusa nusu ya kulia. Kama wino ungehama hivyo, alama ingekuwa kwenye uso ule ule, tena isingelingana na chochote. Kivuli cha Wakala kiko nyuma na kinalingana. Labda uwe ulifua noti mbili zikiwa zimebebana bila kukunjwa, na huo si mfuko wa suruali, hiyo ni bahasha.

@Mwalimu, kipimo chako ni kizuri, ila nina mambo mawili. Kwanza, kuna wino wa nambari unaotengenezwa makusudi ili upenye karatasi hadi nyuma, kusudi mlaghai asiweze kuufuta na kuandika nambari nyingine. Wakala atazame noti nyingine za 200 za toleo hilo. Zikionyesha nambari kwa nyuma, basi kipimo chako hakipimi kitu. La pili nitalisema akisharudi na jibu, maana sitaki kumharibia macho.

#15 Kano_Chini

Niongeze kisa changu. Sisi wa bonde la Kano tunaishi na maji ya Nyando, na ndugu zetu wa Budalang'i wanaishi na ya Nzoia. Mwaka mmoja mama alihamishwa usiku na mafuriko, na pesa za chama chao cha kuweka akiba zilibaki ndani ya mkebe, zimefungwa kwa mpira wa manila, zikiwa bapa, moja juu ya nyingine, hazikukunjwa. Tuliporudi baada ya siku tisa tulikuta tofali la karatasi. Tulizitenganisha kwa mvuke wa sufuria, moja moja, kama mtu anayemenya kitunguu. Baadhi zilikuwa na alama za majirani zao mgongoni.

Kwa hiyo, Fundi, hiyo "bahasha" unayoifanyia mzaha ipo. Inaitwa mkebe wa chama.

#16 Fundi wa Chapa (Nakuru)

Nimeondoa mzaha, na pole kwa mama. Lakini alama hizo zilikuwa na rangi ya wino au rangi ya matope?

#17 Kano_Chini

Miaka imepita na tulizipeleka benki kubadilishiwa. Nakumbuka umbo, rangi siikumbuki vizuri, na sitaki kukudanganya.

#18 Wakala wa Kibuye

Nimerudi na lenzi. Ripoti ni hii.

Nimelinganisha na noti nyingine saba za 200 za toleo hilo hilo, na hakuna hata moja inayoonyesha nambari kwa nyuma. Kwenye noti yangu, mahali ambapo nambari ingekuwa kama ingeonekana kupitia karatasi, pana kitu. Ni hafifu sana. Tarakimu ya kwanza inafanana na 4 iliyogeuka, na nambari yangu inaanza na 4. Inayofuata ni ya mviringo, inaweza kuwa 0, na yangu ni 0. Ya tatu inaweza kuwa 8 au 3. Yangu ni 8. Baada ya hapo pana mkunjo wa zamani uliokula rangi, na tarakimu za mwisho hazionekani kabisa.

Kwa hiyo ni nambari yangu mwenyewe. Inaniuma kusema, lakini nadhani Mama Omena ameshinda.

#19 Mama Omena

Asante. Kwa leo samaki ni bure kwa Wakala peke yake.

#20 Fundi wa Chapa (Nakuru)

Mama, usigawe samaki bado. Hili ndilo lile jambo la pili nililolihifadhi.

Karatasi za noti huchapwa zikiwa kubwa, noti nyingi kwa kila karatasi, na upigaji nambari hupangwa ili noti zinazofuatana zisiwe jirani kwenye karatasi moja, bali ziwe mahali pamoja kwenye karatasi zinazofuatana katika rundo. Sababu ni rahisi: rundo likikatwa, kila bunda linatoka likiwa na nambari zilizofuatana, bila mtu kupanga. Maana yake ni kwamba noti iliyokuwa chini ya noti ya Wakala kwenye rundo ilikuwa na nambari ile ile isipokuwa tarakimu ya mwisho. Nayo ingeanza na 4, ikafuata 0, ikafuata 8. Kwa hiyo tarakimu tatu alizozisoma Wakala haziwezi kututenganishia mafuta ya samaki na wino mbichi wa rundo. Tarakimu pekee ambayo ingeweza kusema ni ya saba, na ya saba imeliwa na mkunjo.

Ninachokubali ni kwamba maelezo yangu ya kwanza, ya karatasi iliyokosa kuingia, yamedhoofika, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na nambari yoyote. Isipokuwa kama Wakala anaona tarakimu kwa sababu anataka kuziona.

#21 Kano_Chini

Na mabunda mapya hutoka benki yakiwa na nambari zinazofuatana. Mtu akiweka bunda jipya ndani ya mkebe na mkebe ukaingia maji, noti zinazogusana zitakuwa pia zinatofautiana tarakimu ya mwisho. Mkebe wangu bado umo.

#22 Mwalimu wa Kakamega

Nimenyang'anywa kipimo changu kwa haki. Hata hivyo, mafuta yana kipimo chao: karatasi yenye mafuta ikiinuliwa kwenye mwanga huwa nyangavu pale yalipoingia, na ukingo wa doa huonekana. Wakala aseme kama anaona doa.

#23 Wakala wa Kibuye

Naona doa. Ila liko pembeni, linagusa robo tu ya jengo. Robo tatu iliyobaki haina doa ninaloweza kuliapia.

#24 Mgeni wa Webuye

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgeni. Wakala alitaja noti yenye nambari inayosomeka sawa pande zote mbili. Je, hizo ni adimu? Ninazo mbili na jamaa mmoja mjini ananiambia nisiziuze chini ya bei ya mbuzi.

#25 Mwalimu wa Kakamega

Karibu. Noti zetu za sasa zina herufi mbili na tarakimu saba. Ili nambari isomeke sawa pande zote, ukishachagua tarakimu nne za kwanza, tatu zilizobaki zimeshaamuliwa. Kwa hiyo katika nambari milioni kumi za herufi fulani, zipo 10,000 za namna hiyo: moja katika kila elfu. Wakala anayehesabu noti mia kadhaa kwa siku atakutana na moja kila baada ya siku chache kama anazisoma kweli. Nambari zenye tarakimu mbili tu, kama 4474747, ni adimu kidogo kuliko hizo. Nimepata 5,670 katika milioni kumi. Zenye tarakimu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama 7777777, ni tisa tu. Ukipata hiyo, zungumza habari za mbuzi.

#26 Njoro_Mkulima

Na siku ya kuzaliwa? Binti yangu anatafuta yake.

#27 Mwalimu wa Kakamega

Tarehe kamili ina tarakimu nane, na noti zina saba. Waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 9 ya mwezi wana bahati, kwa sababu sifuri ya mbele inaweza kuachwa: Madaraka ya kwanza, 1 Juni 1963, inakaa vizuri kama 1061963. Lakini 12 Desemba 1963 haiingii, labda ukate mwaka uandike 121263 na kutanguliza sifuri, na hapo wakusanyaji wanagombana kama hiyo ni tarehe au ni kujifariji.

#28 Busia_Mpakani

Kwa Mgeni wa Webuye: bei ni ile ambayo mtu yuko tayari kuilipa akiwa mbele yako. Hapa mpakani kuna watu wenye mabunda ya noti za Idi Amin ambao waliamini kwamba kuzeeka kunatosha. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha shilingi mia za zamani kwa moja mpya, na juu ya hayo ikakata asilimia thelathini. Waliochelewa walibaki na karatasi. Leo mgeni hununua moja kwa ajili ya kumbukumbu ya safari, si bunda. Kinachotafutwa ni kilicho kichache na kilicho safi, na noti zako mbili, kama zimekunjwa mara nne na kuandikwa nambari za simu, si safi.

Usizifue, usizipige pasi, wala usizipeleke kwa mtu wa kuweka vitambulisho ndani ya plastiki ya moto. Zile bahasha laini za plastiki zinazonuka nazo huharibu karatasi baada ya miaka.

#29 Mjukuu wa Dani

Mimi nina kisa cha karatasi iliyobaki. Dani yangu, yaani bibi, alifariki huko Siaya, na tulipopanga vitu vyake tulikuta elfu moja za zamani ndani ya Biblia, tisa, zote bapa kama zimetoka benki jana. Hiyo ilikuwa Novemba 2019. Mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa 30 Septemba. Nasikia hata mia na mia mbili za zamani zilikufa siku hiyo hiyo. Tuliogopa hata kwenda kuuliza.

#30 Njoro_Mkulima

Pole kwa msiba. Elfu tu ndiyo iliyofutwa. Hamsini, mia, mia mbili na mia tano za zamani zenye Mzee Kenyatta ziliachwa ziendelee pamoja na mpya. Na Dani wako hakuwa peke yake: Benki Kuu ilitangaza kwamba takriban noti milioni 7.4 za elfu hazikurudi, yaani karibu shilingi bilioni 7.4. Nyingi mno hizo kuwahi kuwa adimu.

#31 Mzee wa Bondeni

Tisa zilizokaa ndani ya Biblia zina thamani yake, hata bila mnunuzi. Aziweke.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sura za watu: baada ya Katiba ya 2010 kukataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, wakusanyaji wa umri wangu tulijua kwamba noti zenye nyuso ni safu iliyofungwa. Ndiyo maana mimi hutazama uso kwanza. Ninyi mmebaki na jengo, tena kivuli chake.

#32 Kijana wa Milimani

Mzee, bado kuna la kutazama. Noti zilizoanza kutoka Agosti 2024 zina uzi mpya wa usalama, sahihi mpya na mwaka 2024. Mimi nakusanya kila thamani kwa sahihi zote mbili, na zote nimezipata kama chenji. Wakala, noti yako ni ya mwaka gani? Ulisema toleo la 2019, lakini toleo si mwaka uliochapwa.

#33 Wakala wa Kibuye

Imeandikwa 2019. Imekuwa mikononi mwa watu kwa miaka, na hilo, nakubali, linasaidia upande wa samaki na upande wa mkebe kuliko upande wangu. Ila nauliza: kivuli cha kiwandani kingeweza kupita mikononi mwa watu wote hao bila mtu kukiona?

#34 Fundi wa Chapa (Nakuru)

Kingeweza. Wewe mwenyewe ulisema kwamba hata simu haikioni.

#35 Mama Omena

Nimechoka na nadharia, nimefanya jaribio. Nilichukua hamsini mbili, nikazibandanisha uso kwa mgongo bila kuzikunja, nikaziloweka kwenye maji ya sabuni usiku kucha, nikaziweka chini ya jiwe la kusagia, kisha nikazipiga pasi zikiwa bado zimeshikana. Hamsini ya tatu niliipaka mafuta ya samaki.

Ya mafuta ilionyesha jengo kwa nyuma, wazi kabisa, lakini ikawa nyangavu yote na inateleza. Wakala hajasema kwamba yake inateleza. Zile mbili za maji zilitoka safi kuliko zilivyoingia. Mgongoni mwa moja pana kitu kama pumzi kwenye kioo. Mume wangu anasema ni KICC. Mtoto anasema si kitu.

#36 Njoro_Mkulima

Mama, sheria inakataza kuharibu noti kwa makusudi. Tunakuombea.

#37 Fundi wa Chapa (Nakuru)

Hiyo pumzi inaweza kuwa uchafu uliohama, si wino. Wino wa noti hautoki kwa sabuni ya usiku mmoja. Lakini siku tisa chini ya maji ya mto ni kitu kingine, na hapo Kano_Chini ana haki ya kutabasamu.

#38 Kano_Chini

Natabasamu. Kama mume na mtoto hawakubaliani, basi kura yangu naiweka kwa mume.

#39 Wakala wa Kibuye

Nimeitia noti kwenye bahasha ya karatasi na kuandika juu yake: "200, 2019, kivuli, sababu haijulikani." Mke wangu ameisoma na kusema kwamba kwa shilingi mia mbili angenunua mboga ambayo sababu yake inajulikana.

Mama Omena, hilo jaribio la pasi, je, pasi ilikuwa ya makaa au ya umeme? Naona joto linaweza kuwa na maana.

#40 Mama Omena

Ya makaa. Jumamosi nitarudia kwa ya umeme, na noti zitakaa majini siku tisa kamili kama za mama yake Kano_Chini, kwa hiyo jibu msilitegemee kabla ya wiki mbili. Nina hamsini moja tu iliyobaki. Anayetaka sayansi iendelee anitumie nyingine, na isiwe imepigwa pasi na Kijana wa Milimani.